Mlango Usio na Ukuta

Kufikia Alhamisi, Machozi alikuwa ameshakuwa mjane mara mbili, mlevi mara moja, na mwanafunzi aliyefeli mtihani akapanda juu ya paa mara nne. Paa lenyewe lilikuwa meza. Polisi ishirini na wawili walikaa kuizunguka kwenye viti vya plastiki, madaftari mapajani, wakijifunza namna ya kumshusha mtu aliyechanganyikiwa bila kumshika wala kumfokea, na yeye ndiye aliyekuwa wa kushushwa. Jina la Machozi alipewa na wenzake wa kikundi cha maigizo, kwa kuwa aliweza kulia wakati wowote akiambiwa, na akitakiwa alianza na jicho la kushoto. Kazi hii ya siku tano aliifanya vizuri na alijua kwamba anaifanya vizuri.

Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu, kutomtazama Sajenti.

Sajenti alikaa safu ya nyuma karibu na dirisha, miguu yake mirefu ameikunja chini ya kiti kwa adabu ya mtu aliyezoea kuambiwa anaziba njia. Miaka miwili nyuma mtu huyo alikuwa mchumba wake. Jumatatu asubuhi, Machozi alipoingia ukumbini na macho yao yakagongana, alipaswa kwenda moja kwa moja kwa mkufunzi. Ilikuwa sheria ya kwanza ya mafunzo: mwigizaji akimfahamu askari yeyote, aseme. Machozi alikwenda, akafungua mdomo, akauliza choo kiko wapi.

Mkufunzi alikuwa muuguzi mstaafu wa hospitali ya magonjwa ya akili, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, ambaye wote walimwita Sista, hata wakubwa wa polisi waliokuja kufungua mafunzo. Sheria zake zilikuwa chache. Askari asiahidi asichoweza kutimiza. Asiseme "nakuelewa," kwa sababu haelewi. Aulize mtu anahitaji nini, kisha anyamaze. Na mwigizaji asitulie kwa kumwonea askari huruma. Atulie pale tu atakapopatiwa kile alichokuwa anakihitaji.

Katikati ya ukumbi ulisimama mlango. Seremala wa chuo aliutengeneza na fremu yake, akaukaza kwa vyuma viwili sakafuni, na haukuwekewa ukuta kulia wala kushoto. Kwa hatua tatu ungeweza kuuzunguka ukatokea upande wa pili. Tangu Jumatatu hakuna hata mmoja aliyeuzunguka.

Wakati wa chai, Alhamisi hiyo, Sajenti alimfuata kwenye kibaraza. Siku tatu alikuwa amepitia mbali.

"Unaendeleaje?" aliuliza.

"Naendelea."

"Umekonda."

"Nimepanda meza mara nne. Na wewe umenenepa."

"Kidogo." Akatazama kikombe chake. "Sijaoa."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nimesema tu, isije ikawa mtu anataka kujua."

Machozi alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa bado anampenda, na hilo halikuwa na mjadala. Kila aliyejaribu kuingia moyoni mwake baada ya hapo alitoka mwenyewe kwa kukosa pa kukaa. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja na kumfungulia mlango wa nyumbani kwenu ni jambo jingine.

"Kaka yako je?" Sajenti aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Anachechemea. Anakula. Dawa anameza. Anaongea akitaka." Akasita. "Analala na viatu."

"Na viatu?"

"Miguuni, kitandani, ndani ya shuka. Tangu siku ile. Mama anafua mashuka kila baada ya siku mbili na kila anapofua wanagombana. Daktari anasema ni ugonjwa tu, tumwache."

Sajenti aliweka kikombe juu ya ukingo wa kibaraza. Alikiweka vibaya, kikaanguka, chai ikammwagikia suruali, wala hakuifuta.

"Nini?" Machozi akauliza.

"Hakuna kitu."

"Una uso wa mtu mwenye kitu."

"Mama bado hataki kuniona?"

"Alisema hutakanyaga kizingiti chake akiwa hai. Na yuko hai, mzima wa afya, anapanda ngazi kunishinda. Na mimi nilikwambia yangu. Siolewi na mtu ambaye mama yangu hawezi kumfungulia. Sijabadilika."

"Sijasema ubadilike."

"Basi tunywe chai."

"Yangu imemwagika," Sajenti alisema, na kengele ikawaita ndani.

Siku ile ilikuwa hivi. Kaka alikuwa hajalala usiku wa nne, anasikia watu wasiokuwepo, na saa saba mchana akachukua kisu cha jikoni akajifungia chumbani. Mama alipiga simu hospitali, haikupokelewa. Akawapigia polisi. Walikuja sita, wakamzuia Mama barabarani, wakajaa koridoni, kelele zikapigwa kwa pamoja: weka kisu chini, fungua, lala chini, fungua. Kisha wakauvunja mlango. Kaka aliruka dirishani kutoka ghorofa ya kwanza akavunjika nyonga. Machozi alikuwa safarini na kikundi chake, akapata habari akiwa amejipaka poda nusu uso. Na wale sita waliposhuka, Mama aliona kwamba wa mwisho wao alikuwa mkwe wake mtarajiwa, yule aliyekula kwake Jumapili iliyotangulia. Alimpa kisogo; Machozi aliporudi safarini alimkatalia Sajenti nje ya nyumba, naye akaondoka, na ndivyo uchumba ulivyokufa. Kaka mwenyewe hakuwahi kuisimulia siku ile, hata akibembelezwa.

Mchana Sista alitoa sanduku la karatasi. Mwanzoni mwa wiki kila askari aliandika tukio moja lililomshinda, bila kuweka jina, na Sista alikuwa akiyafanya kuwa mazoezi. Sheria ilikuwa kwamba ukiitwa mbele ukakuta tukio ni lako, useme, umpishe mwenzako, maana anayejua jibu hajifunzi kuuliza.

Alimpa Machozi karatasi moja. "Dakika tano. Ni mwanamume, lakini umeshacheza wanaume."

Machozi aliingia kwenye stoo, akakaa juu ya kreti la soda, akasoma.

*Mwanamume, miaka thelathini na minne. Amejifungia chumbani, ghorofa ya kwanza, ana kisu. Hajalala siku nne. Mama yake amezuiwa barabarani. Askari sita wako koridoni, watano wanapiga kelele. Yeye anarudia jambo moja: nipeni viatu vyangu nitatoka, siwezi kutoka peku, watu wananiona. Viatu viko koridoni nje ya mlango. Askari aliye karibu navyo anamsikia. Anangoja amri. Amri haiji.*

Chini, kwa kalamu nyekundu ya Sista: *Kitakachomtuliza ni viatu.*

Alisoma mara ya pili, kisha mara ya tatu. Mashuka yalimjia kwanza. Yote aliyoyaona kwenye kamba kwa miaka miwili, na Mama akiyakung'uta kwa hasira, na Kaka akiwa pembeni anafunga kamba za viatu upya kwa fundo maradufu. Alijaribu kulia ili amalize kabla ya kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo machozi yakagoma. Akajipangusa uso mkavu, akatoka.

Sista alivuta namba kutoka kwenye kikopo. "Kumi na saba."

Sajenti alisimama. Sista akamsomea tukio hadharani, bila sehemu ya viatu, kama ilivyokuwa kawaida. Ghorofa ya kwanza, kisu, mama barabarani. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Sajenti alisikiliza mpaka mwisho, akavuta shati lake chini, akaenda mlangoni.

Karibu na mlango Sista alikuwa ameweka vifaa: kiti kimoja, ndoo, jozi ya viatu vikuukuu vya mlinzi wa chuo. Machozi alisimama upande wake, akaanza kupumua haraka, tayari kupiga kelele. Hakupata nafasi. Sajenti alipiga magoti, akaviokota viatu, akavisukuma kwenye uwazi mpana chini ya mlango, kimoja baada ya kingine.

"Viatu vyako hivi hapa," alisema. "Vaa taratibu. Nitawaambia wote warudi nyuma."

Sista akapiga kofi moja. Ndiyo ilikuwa alama ya kusimama.

"Sajenti. Amekwambia anataka viatu?"

"Hapana, Sista."

"Umejuaje?"

Sajenti alibaki amepiga magoti.

"Karatasi ni yako," Sista alisema.

"Ni yangu."

"Na sheria inasemaje?"

"Niseme, nimpishe mwingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nivitoe, Sista. Hata kama ni vya mlinzi."

Koplo mmoja wa kike mstari wa mbele alianza kuandika, akaona haya, akafunika kalamu. Sista alivua miwani akaiacha ining'inie kifuani. Alikuwa mama mwema, lakini wema wake haukuwa wa kupapasa watu.

"Hivyo vya leo havimsaidii mtu," alisema. "Umefika na jibu mfukoni, hukumsikiliza aliye ndani. Siku ile hukutoa ulichosikia, leo umetoa ambacho hukukisikia. Kosa ni lilelile. Rudia. Mwigizaji, badilisha unachokihitaji, na usikiseme mpaka akuulize."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili ya Machozi ya kusema kwamba anamfahamu. Hakusema. Alirudi nyuma ya mlango, akavisogeza viatu vya mlinzi kwa mguu.

 Upande wa pili akasikia mtu anakaa sakafuni.

"Mimi ni sajenti," sauti ilisema. "Nimekaa chini, hapa nje. Sitaufungua mlango."

"Ondoka."

"Naweza kusogea nyuma kidogo. Kuondoka sitaondoka."

"Mara ya kwanza uliondoka."

"Ndiyo. Niliondoka."

"Hukugeuka hata mara moja."

"Niligeuka. Mlikuwa mmeshafunga pazia." Akakohoa. "Unahitaji nini?"

Hapo ndipo askari hufunzwa kunyamaza, na alinyamaza. Machozi alikuwa na majibu kumi ya kuigiza, yote mazuri, na aliyaona yote yakipita.

"Nahitaji mtu aje nyumbani aseme alichokisikia," alisema.

"Amwambie nani?"

"Mama. Anafua mashuka, anadhani mwanawe amezidiwa. Anamgombeza. Na kuna mtu anayejua kwa nini mwanawe anayafanya yale, na amekaa nalo miaka miwili kimya."

"Akisema, mama atamchukia kuliko sasa."

"Huenda."

"Na wewe?"

Polisi ishirini na mmoja walikuwa wanasikiliza. Machozi aliweka kiganja kwenye mbao.

"Mimi nimejaribu kumchukia," alisema. "Nilijitahidi kweli. Imenishinda."

Sajenti alivuta pumzi, akakaa nayo. Waliokuwa mbele walidhani anatafuta neno lililomo kwenye daftari.

"Siwezi kukuahidi kwamba nitafunguliwa," alisema mwishowe. "Hilo siliwezi. Nakuahidi kwamba nitabisha. Leo, saa kumi na moja, nikitoka hapa."

Machozi aliteremka taratibu mpaka akakaa, mgongo kwenye mlango. Mlango ulisogea kidogo upande wa pili, kisha ukarudi ukatulia, na alijua bila kuambiwa kwamba mgongo wa Sajenti ulikuwa hapo, umbali wa unene wa mbao. Hakuna aliyeuzunguka.

Sista alipiga kofi. Koplo akanyanyua mkono. "Sista, hapo tunampa alama ngapi?"

"Msimpe."

Alimngoja Machozi asimame, akamchukua pembeni. "Jumatatu ulikuja kuniuliza choo kiko wapi."

"Ndiyo, Sista."

"Kilikuwa nyuma yako, kimeandikwa kwa herufi kubwa." Akamtazama. "Kesho usije. Nitatafuta mwingine. Sikukasirikii, ila hapa watu wanajifunza, na wewe umeacha kuigiza. Nenda nyumbani kabla hajafika yeye."

Mama alikuwa sebuleni anakunja mashuka. Machozi alimwambia kwamba Sajenti anakuja, akamwambia kwamba ana neno moja la kusema, na neno lenyewe akaliacha. Halikuwa lake.

"Anakuja wapi?" Mama aliuliza.

"Mlangoni, Mama. Kubisha tu."

"Kubisha si kosa," Mama alisema, akachukua shuka jingine. "Nami nitakaa hapa nisikilize anavyobisha."

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, mlango ulibishwa, mara tatu, si kwa nguvu. Mama alikunja shuka mpaka likaisha, akaliweka juu ya mengine, kisha akaona isiwe tabu, akaenda kufungua kiasi cha uso wake. Sajenti alikuwa amevaa nguo za nyumbani. Viatu alikuwa ameshavua, amevipanga kando ya kizingiti.

"Nani kakwambia unaingia?" Mama alisema.

"Hakuna. Shikamoo, Mama."

Mama aliitikia marahaba kwa mdomo uliokaza. "Sema."

Alisema, akiwa na soksi koridoni, na hakujipamba. Alisema Kaka aliomba viatu. Alisema aliahidi kutoka akipewa, kwa sababu alikuwa anaona haya kupita peku mbele za majirani. Alisema viatu vilikuwa pale na yeye alikuwa karibu navyo kuliko wenzake wote, na alikuwa anangoja amri.

"Alisema mara ngapi?"

"Mara nne."

"Vilikuwa mbali kiasi gani?"

Sajenti alinyoosha mkono akaonyesha. Haukunyooka wote.

Mama alishika ubao wa mlango. Hakupandisha sauti; angekuwa ameipandisha, Machozi angepata nafuu.

"Miaka miwili namgombeza mwanangu," Mama alisema. "Namwita mchafu. Umesema ulichokuja kusema?"

"Nimesema."

"Nenda."

"Ndiyo, Mama."

Lakini nyuma yao mlango wa chumba cha pili ulikuwa umefunguliwa. Kaka alipita katikati yao akichechemea, hakumtazama mtu, akainama kwa shida, akaviokota viatu vya Sajenti pale kizingitini, akarudi navyo chumbani. Komeo likalia.

Komeo lile lilikuwa halijalia tangu siku ile. Mama aliachia ubao wa mlango. Machozi alipiga hatua moja kuelekea chumbani, akasimama.

"Mama," Sajenti alisema kwa utulivu, "naomba niingie."

Mama alitazama mlango wa chumba. Kisha akasogea pembeni, hatua moja.

Sajenti alivuka kizingiti, akaenda mpaka mlango wa chumba, akakaa sakafuni. Hakubisha.

"Nani huyo?" Kaka aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi. Nilikuwepo siku ile."

"Sauti yako naijua. Siku ile hukuitoa."

"Sikuitoa."

Kitanda kililia, mtu akakaa au akainuka.

"Unahitaji nini?" Kaka aliuliza.

Hakuna aliyemfundisha. Machozi alimwona Sajenti akifumba macho.

"Viatu vyangu. Siwezi kutoka hivi, watu wataniona."

"Kwa hiyo ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Kwa masikio?"

"Kwa masikio haya. Mara nne."

Kaka alipoongea tena sauti yake ilikuwa karibu kabisa na mlango.

"Nilifikiri neno lile nililisema kichwani tu," alisema. "Siku zile nilikuwa nasikia mengi. Nikawaza, kama ningelisema kwa mdomo, mtu angenipa. Basi sikulisema. Miaka miwili nimekuwa nafikiri sikulisema."

"Ulilisema."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Uliomba kwa adabu."

Komeo likatolewa. Kaka alisimama mlangoni ameshika jozi ya viatu vya Sajenti kwa vidole viwili, akamnyooshea. Mama alikuwa anatazama chini, na Machozi akafuata macho yake. Miguu ya Kaka ilikuwa mitupu, myeupe kidogo kwa kufungiwa, vidole vimetawanyika kwenye saruji.

Sajenti alivipokea kwa mikono yote miwili, akasema asante, akaanza kulegeza kamba za kiatu cha kulia ili aondoke, kama alivyoambiwa.

"Hivyo viatu," Mama alisema, "usivivae kwanza."